Afande, Kobe na Uwanja wa Simiti

Afande alifagia. Mtu akiniuliza leo alikuwa mtu wa namna gani, hilo ndilo ninaloanza nalo, kabla ya jeshi, kabla ya dini, hata kabla ya kobe. Alifagia uwanja wake pale Mbuya, Kampala, jua likiwa bado halijapanda, akafagia tena baada ya chakula cha mchana, na mvua ikinyesha alitoka na ufagio kuyafukuza maji kana kwamba ni watu waliokusanyika bila ruhusa. Yeye alikaa upande wa juu wa kilima na mimi upande wa chini, ukuta wetu ukiwa mmoja. Kwa miaka mingi sikuhitaji saa ya kuniamsha.

Alikuwa amestaafu jeshi, lakini mtaa mzima ulimwita Afande, pamoja na wale ambao hawakupenda wanajeshi. Kuhusu kwao aliwahi kunionyesha kaskazini kwa kidevu, akasema, "Huko," na habari ikaishia hapo. Mambo ya vita hakuyasimulia. Ninachokijua ni kile kilichoonekana na kusikika juu ya ukuta, na kile alichosema alipokuwa akija kwangu kumpima kobe.

Mimi ni fundi wa mizani. Nina kibanda Namuwongo, karibu na reli, ambako wauza samaki na wanunuzi wa vyuma chakavu huleta mizani zao zikianza kudanganya. Nyumbani nilikuwa na mizani moja ya sahani, ya zamani na nzuri, na Afande alipoiona aliamua kwamba mimi ni sehemu ya matibabu. Siku ya kwanza alikuja amembeba kobe mbele ya kifua, mikono imenyooka, kama mtu aliyebeba sufuria ya moto.

"Mkenya," alisema, "hii mizani yako nasema ukweli?"

"Inasema ukweli, Afande."

"Basi weka hii mgonjwa. Nataka ukweli, hapana adabu."

Kobe yule alikuwa wa marehemu mkewe. Alikuwa kobe wa nchi kavu, wa aina ile yenye gamba la manjano na madoa meusi, mkubwa kiasi cha kujaza sinia. Mkewe, Mganda wa upande wa Masaka na Mkatoliki, alifanya kazi jikoni katika shule ya masista, na sista mmoja mzee aliporudi kwao alimwachia mnyama huyo. Akamleta Mbuya, akamwita Nfudu, ambalo kwa Kiganda ni neno la kobe tu. Afande hakumpenda. Alimwita raia. "Raia amelala barabarani!" alipiga kelele asubuhi, maana yake kobe amekaa kwenye njia ya ufagio. Baadaye mkewe aliugua, akalazwa, na katika siku zake za mwisho alimwambia mumewe jambo moja ambalo halikuhitaji kurudiwa: Nfudu asife. Afande aliipokea kama amri. Haukupita muda mrefu baada ya mazishi, gamba la kobe likaanza kulegea. Ukilibonyeza kwa kidole gumba karibu na mkia, lilikubali.

Kumwokoa kobe yule ndiyo kazi aliyokuwa nayo Afande kwa muda wote niliomjua kwa karibu. Mengine yote, mizaha yake, ukali wake, ugomvi wake na wauza dawa za mifugo, yaliizunguka kazi hiyo.

Nieleze kidogo, kwa sababu wengi hudhani gamba la kobe ni kibanda anachotembea nacho. Gamba ni mifupa yake. Uti wa mgongo na mbavu vimeungana humo. Ili mfupa uwe mgumu anahitaji kalsiamu, ile ile iliyo kwenye ganda la yai, kwenye chokaa na kwenye ganda la konokono. Anahitaji pia fosforasi, lakini isiizidi kalsiamu. Na anahitaji jua limguse mwili, kwa sababu bila jua hatengenezi vitamini D ya kutosha, na bila hiyo kalsiamu hupita tumboni na kutoka ilivyoingia. Akikosa kimojawapo kwa muda mrefu, mwili huanza kuchukua kutoka kwenye gamba lenyewe. Hayo niliyasoma katika vitabu vya mifugo vya mitumba, na mengine kwenye simu. Afande aliyafikia kwa njia yake, moja baada ya jingine, na kila moja kwa kuchelewa.

Alianza na maganda ya mayai. Kwenye kona yetu kulikuwa na mtu wa rolex, yaani mayai ya kukaanga yaliyoviringishwa ndani ya chapati, na asubuhi ndoo yake ya takataka ilijaa maganda. Afande alijipanga kwenye foleni kama mteja mwingine yeyote. Hakuwahi kupita mbele ya watu, hata aliposukumwa.

"Afande, leo nakula ngapi?"

"Sikuli. Lete maganda."

"Bambi! Watu nanunua yai, wewe nachukua koti yake."

"Koti ndiyo iko na nguvu. Wewe nauza matope ya ndani."

"Sawa, kesho nitakushonea na kofia. Sogea, Afande, halaka, watu iko na njaa."

Watu walicheka, naye akacheka, akaondoka na mfuko wake wa plastiki kama mtu aliyetoka kununua nyama. Maganda aliyaosha, akayaanika juu ya kipande cha bati, kisha akayatwanga katika kinu ambacho mkewe alitwangia karanga. Aliyachekecha kwa chujio la chai. Mwisho alilamba kidole chenye unga ule, akakunja uso, akameza. Nilimuuliza sababu. Alisema askari hapewi chakula ambacho mkubwa wake hajaonja.

Kobe alikuwa ameshapandishwa cheo. Hakuwa raia tena, alikuwa Koplo. Chakula kilitolewa kwa filimbi. Afande aliweka majani ya sukuma wiki kwenye kifuniko cha ndoo, akayanyunyizia unga, akapuliza, kisha akasimama wima akisubiri. Kobe hakujali filimbi. Mara nyingine alikuja baada ya muda mrefu, akiburuta miguu ya nyuma, na mara nyingine hakuja, na Afande aliendelea kusimama. Niliwahi kumwambia kwamba angeweza tu kumsogezea sahani. Alinitazama kwa huruma.

"Ukimpelekea chakula mgonjwa kwa kitanda, unamwambia yeye ni mgonjwa," alisema. "Hii lazima natembea."

Katika hilo nadhani alikuwa sahihi. Katika mengi alikosea, na alikosea kwa bidii. Alikuwa mtu wa kuamini kwamba kijiko kikiponya, vijiko viwili vitaponya haraka. Akaongeza unga hadi majani yakawa meupe, na kobe akaacha kula kabisa. Alipoambiwa na mwenye duka la chakula cha mifugo kwamba unga wa mifupa una nguvu kuliko maganda, alinunua unga wa mifupa, ambao una kalsiamu kweli lakini una fosforasi nyingi pia. Alipoambiwa kwamba kuku wa mayai hupewa dagaa wa mukene ili wapate nguvu, alimpa kobe mukene. Kobe wa aina ile ni mla majani. Chakula kile, pamoja na ukavu wa uwanja, ndicho nadhani kilichofanya kila kipande cha gamba kiinuke kama kichuguu. Afande alifurahi mwanzoni. Alidhani anajenga misuli.

Mtu aliyemrekebisha alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke kijana aliyekuja Mbuya kuchanja mbwa. Alituambia wazi kwamba kobe si wanyama aliofunzwa sana, lakini angesoma na kurudi. Akarudi. Alimgeuza kobe polepole, akabonyeza gamba kwenye kingo, akafungua mdomo wake kwa ncha ya kijiko cha plastiki kutazama taya. Alisema mukene uachwe siku hiyo hiyo. Unga wa mifupa uachwe. Arudie maganda ya mayai, au yale maganda ya konokono wa ziwani yanayouzwa kwa wafuga kuku, yasagwe vizuri, na apewe kidogo tu juu ya majani.

"Kidogo ni ngapi?" Afande aliuliza.

"Kama chumvi unayoweka kwa yai."

"Mimi naweka mingi."

"Basi kama chumvi ninayoweka mimi, Afande. Na kitu kingine. Huyu alikuwa analamba ukuta? Au mawe? Wakikosa kalsiamu huwa wanakwangua chochote cheupe."

Nilikuwa nimesimama pale na mizani yangu, nikaona uso wa Afande ukibadilika. Alitazama mstari wa mawe uliopita kando ya uwanja kutoka getini hadi mlangoni, kama mistari ya mawe iliyopo katika kila kambi. Siku zile mawe yale yalipakwa rangi ya mafuta, nyeupe, inayong'aa.

"Alikuwa nalamba hii," alisema baadaye.

"Hii ni rangi, hawezi kuilamba."

"Kabla ya rangi. Ilikuwa chokaa."

Alitueleza basi, kwa vipande. Zamani aliyapaka mawe yale chokaa, kama alivyozoea kazini, na raia yule alikuwa akienda jiwe hadi jiwe akikwangua, akiacha alama za mdomo. Afande alipaka upya, kobe akakwangua upya. Ilimkera sana. Mawe ya kambi hayana mabaka. Mwishoni alinunua debe la rangi ya mafuta, akayapaka yote, na kobe akaacha. Aliona ameshinda. Na mkewe, ambaye alikuwa akivunja maganda ya mayai na kuyatupa kando ya bomba ili kobe ayaokote, naye alishindwa vivyo hivyo, kwa sababu ufagio uliyapitia asubuhi kabla kobe hajapata joto la kutosha kutembea.

"Yeye nilimwambia hapa si jalala," Afande alisema. "Kila siku nilimwambia."

Daktari alijishughulisha na kobe, akamweka juu ya mizani yangu. Alikuwa na adabu, na mara hii Afande hakumwomba aiache. Nilitaka kusema kwamba hakuna aliyejua, kwamba watu hupaka rangi mawe kila mahali katika mji huu, lakini nilijua angenijibu kuwa mkewe alijua. Kobe alikuwa juu ya sahani ya mizani, kichwa ndani. Nilisoma uzito, nikautaja, Afande akaitikia kwa kichwa. Ulikuwa umepungua tena.

Siku zilizofuata hakufagia. Kisha akaanza tena, kwa nguvu zaidi.

Kuna mambo yake ambayo sikuwahi kuyaunganisha. Mtu huyu aliyemlambisha kobe dawa kwa filimbi hakunywa dawa yoyote mwenyewe. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu nimjue, na alipopewa vidonge hospitali alivitoa kwa mtu wa rolex, ambaye naye aliniuliza mimi kama vinafaa kwa kichwa. Alikuwa Mwislamu wa kutokosa Ijumaa. Alipanda bodaboda hadi msikiti mkubwa wa Old Kampala ingawa kulikuwa na misikiti karibu, kwa sababu, alisema, kule juu mtu anaona kila anayekuja. Lakini siku ya misa ya kumkumbuka mkewe alivaa suti yake ya kahawia, akaenda kanisani kwao mkewe, na akasimama nje ya mlango kuanzia mwanzo hadi mwisho. Padri alitoka kumkaribisha ndani.

"Asante, Baba," Afande alimjibu. "Mimi niko lindo."

Alichukia uvivu na angeweza kukaa mchana kutwa bila kufanya chochote, akimtazama kobe. Alidharau raia wote kwa jumla na hakuna raia hata mmoja ambaye yeye alimnyima kitu. Sukuma wiki alinunua kwa mama mmoja Mkongo aliyepita na beseni, ambaye alimpunja waziwazi kwa kumpa majani ya jana, naye alijua, akachagua mabaya na kuyala mwenyewe, mazuri akampa Koplo. Nilipomwambia abadilishe muuzaji alisema mama yule ana watoto. Mimi pia nina watoto, nikamwambia. "Wewe iko na mizani," akanijibu.

Jambo la jua lilichukua muda mrefu zaidi, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba adui wake hakuwa ukosefu wa unga.

Afande aliogopa kaloli. Hao korongo wakubwa wenye vichwa vya upara, wanaokula takataka za mji mzima, walitua kwenye mabati yetu kila mara, na yeye alikuwa na hakika kwamba mmoja angemchukua Koplo. Sidhani kaloli angemweza kobe wa ukubwa ule, lakini sikuwa na ushahidi, na yeye aliwahi kumwona mmoja akimeza panya mzima pale bondeni. Kwa hiyo alimfungia kobe kwenye ukumbi wa mbele, nyuma ya vioo, ambako jua liliingia vizuri mchana. Daktari alimweleza kwamba kioo huzuia ile sehemu ya jua inayotengeneza vitamini D.

"Jua ni jua," Afande alisema. "Naingia. Weka mkono, naona moto."

"Moto unaingia, Afande. Dawa inabaki nje."

"Kioo nachagua? Kioo iko na akili?"

"Hakina akili, lakini kinachagua."

Alifikiri juu ya hilo kwa siku kadhaa. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta akilisema peke yake, kioo nachagua, kioo nachagua, kama mtu aliyetukanwa na chombo cha nyumbani. Kisha akamtoa kobe nje. Aliweka kiti katikati ya uwanja, akashika fimbo, mwavuli wa mkewe juu ya kichwa chake, akalinda anga. Watoto wa mtaa walichungulia getini wakimwimbia, "Afande na bibi yake!" Hakuwafukuza.

Lakini uwanja ulikuwa simiti kutoka ukuta hadi ukuta. Aliumwaga mwenyewe alipostaafu, na ilikuwa fahari yake, haukuwa na ufa. Kufikia saa sita ulikuwa kikaango. Kobe aliungua tumbo, akakimbilia kivuli, na kivulini hapakuwa na jua. Hapakuwa na jani la kung'oa wala udongo wa kuchimba. Daktari alipokuja mara ya mwisho nilipokuwa naishi pale, alisimama getini akatazama ule uweupe wote akikunja macho.

"Unga unampa vizuri sasa," alisema. "Lakini huyu anahitaji kutembea juani siku nzima akila majani mwenyewe, na kivuli anapotaka. Ama umpe mtu mwenye bustani, ama uvunje simiti. Akibaki hivi, miguu ya nyuma itakwisha, na baada ya miguu ni yeye."

"Kumpa mtu, hapana."

"Basi vunja."

"Hii simiti?" Afande alipiga kisigino chini. "Hii natengeneza na mkono yangu."

"Najua, Afande. Inaonekana."

Daktari aliondoka. Afande alibaki amesimama katikati, kobe miguuni pake. Ilikuwa zamu yangu kuondoka pia. Karakana yangu ilikuwa imeongezeka kazi na nilikuwa nimepata nyumba chini, karibu na Namuwongo. Wiki ile ile nilihama. Mizani ya sahani nilimwachia. Alisema hajui kuisoma, nami nikamfundisha, na alipoipata mara ya kwanza peke yake alisoma kwa sauti kubwa kama anaripoti kwenye redio ya jeshi. Uzito ulikuwa mdogo kuliko wa mwezi uliotangulia.

Mtu akihama kutoka mtaa mmoja wa Kampala kwenda mwingine, hata kama ni mwendo mfupi wa bodaboda, ni kama amehama nchi. Nilisikia habari zake kwa wapita njia tu. Mmoja alisema Afande anaumwa, mwingine kwamba kobe amekufa. Mtu wa rolex, niliyekutana naye sokoni, alisema haji tena kuchukua maganda, na kwamba mtaa mzima ulikuwa umekaa kwa wiki nyingi bila usingizi wa mchana kwa sababu ya kelele. Sikujua ni kelele gani. Nilimwogopea. Niliendelea kusema nitapanda Jumapili, na Jumapili ikawa na kazi zake.

Nilipopanda hatimaye, ilikuwa kwa sababu mteja wa Mbuya alikuwa na mizani kubwa isiyobebeka. Nilipomaliza nilipitia kwake saa za alasiri. Geti lilikuwa wazi. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hapakuwa pamefagiwa.

Simiti ilikuwa imevunjwa. Haikuvunjwa yote. Kando ya mlango palibaki ukanda mwembamba, kingo zake zimechongoka, na vipande vingine vilikuwa vimepangwa ukutani kama matofali. Mahali pengine pote palikuwa na udongo mwekundu na nyasi za lumbugu, zenye magugu ya kila aina, zimeachwa zijiotee. Kobe alikuwa ndani yake. Alikuwa anatembea. Hakutembea vizuri, upande wa kushoto wa nyuma ulikuwa unabaki nyuma kidogo, lakini tumbo halikugusa chini, na alipofika kwenye jani alilotaka alilivuta kwa nguvu hadi shingo ikatetemeka.

Afande alikuwa ameketi juu ya ule ukanda wa simiti, miguu ndani ya nyasi, nyundo kubwa imelazwa kando yake. Alikuwa amekonda. Goti lilikuwa baya zaidi.

"Mkenya," alisema. "Umechelewa. Karibu bonyeza."

Nilipiga magoti, nikabonyeza gamba karibu na mkia. Halikukubali. Vichuguu vilikuwa vipo vile vile, na daktari alikuwa amemwambia kwamba vitabaki. Gamba lililokwisha kukua vibaya halirudi kuwa laini. Lakini kwenye mistari inayogawa vipande, kila mmoja, palikuwa na ukingo mpya wa manjano safi, mwembamba, umelala sawa.

"Umevunja peke yako?" nilimuuliza.

"Nani mwingine? Kidogo kidogo. Goti nakataa, napumzika, navunja tena."

"Amepona, Afande."

"Huyu, ndiyo."

Nilikaa karibu naye. Tulimtazama kobe akila. Baada ya kitambo alianza kusema, bila kunitazama, na Kiswahili chake cha amri kilikuwa kimelegea, hakikuwa na haraka.

"Wewe ulikaa hapo chini ya ukuta. Ulikuwa nasikia yote."

"Nilisikia mengi."

"Mama watoto aliniomba udongo. Wakati namwaga simiti. Alitaka kupanda mboga yake, nakati, na majani ya hii mnyama. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Ilikuwa mchana, mchanganyiko ulikuwa kwenye toroli, na mimi nilikuwa nimeanika nguo.

"Nakumbuka mimi nilijibu nini," Afande aliendelea. "Nilisema, 'Hapa ni kambi, si shamba.' Hiyo iko kwa kichwa yangu kila siku, na sauti yake. Lakini yeye, alisema namna gani? Sikumbuki. Natafuta, sipati. Alikasirika?"

"Hakukasirika."

"Hapana adabu, Mkenya."

"Sikufichi. Alikuwa anacheka kidogo."

"Alisema nini?"

Niliyapanga maneno kichwani ili nisiongeze wala kupunguza. Kisha nikamwambia kama nilivyosikia: "Mimi naomba pahali ya mkeka moja tu. Pale kwa kona, wewe hata hapiti. Udongo yake nitafagia mimi."

Afande alitazama ile kona. Kobe alikuwa ameelekea huko, polepole, gamba likigongana na vipande vya simiti vilivyosimama ukutani. Nyasi zilikuwa ndefu zaidi pale. Nakati hazikuwapo, baadaye aliniambia hajui kupanda. Alinyoosha mkono, akaing'oa nyasi moja, akaishika bila kujua aifanye nini.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Safari hii nilianza na "Ssebo", yaani bwana, ambalo ndilo neno mkewe alilomwitia siku zote, kwa sababu alikuwa amelisema, na mimi mara ya kwanza nilikuwa nimeliacha.